Ziwa Nakivale: Waliokunywa maji yake wanaporudi kulitazama

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

WENGI wakisikia jina Nakivale hufikiria kambi: foleni ya mgawo, maturubai na karatasi za Ofisi ya Waziri Mkuu. Wachache hukumbuka kwamba Nakivale ni jina la ziwa. Lakini mtu aliyekulia pale kisha akarejea kwao Bujumbura, Kigali, Uvira au Goma, ukimwuliza anakumbuka nini, hachelewi kulitaja ziwa. Ndiko alikochota maji, ndiko alikofua nguo, na samaki wake ndio waliobadilisha ladha ya maharage ya kila siku.

Siku hizi wapo wanaorudi kulitazama. Wengine huja kuwaona ndugu waliobaki, wengine huja kununua samaki, mahindi na ndizi za Isingiro ili wavushe mpakani, na katikati ya shughuli hizo hutenga nusu siku ya kushuka hadi ufukweni. Makala haya ni kwa ajili yao. Ushauri wa kwanza ni huu: usianzie ziwani. Anzia Mbarara, darajani.

Mbarara, uliotangazwa kuwa jiji Julai 2020, umekatwa na Mto Rwizi. Mto huo unatoka katika vilima vya Buhweju, kaskazini-magharibi, unapita katikati ya migomba na malisho ya ng'ombe wenye pembe ndefu, kisha unaingia mjini. Hapo mji unakunywa kwanza: mitambo ya shirika la taifa la maji iko Ruharo, na kwa miaka mingi karibu kila bomba la Mbarara limetegemea mto huo. Kinachobaki kinateremka kwenda kwenye mfululizo wa maziwa madogo yaliyounganishwa na mafunjo: Nakivale, Mburo, Kachera na Kijanebalola, kabla ya maji kuendelea kuelekea Ziwa Victoria.

Kwa hiyo anayesimama ufukweni Nakivale na kuona maji yana rangi ya chai ya maziwa asiwalaumu wakimbizi peke yao, kama wenyeji wengi wanavyofanya. Udongo ule umesafiri. Kando ya Rwizi watu wamefyatua matofali, wamechimba mchanga, wamepanda mikaratusi na kulima hadi kwenye ukingo, ingawa kanuni za mwaka 2000 za kulinda ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinautaka mto huu uachiwe mita 100 kila upande. Ukisimama darajani hapo mjini, hizo mita 100 utazitafuta kwa macho.

Kutoka Mbarara barabara ya lami inaelekea kusini hadi Isingiro na kuendelea mpaka Kikagati. Ukishafika Isingiro unaacha lami na kushika ya vumbi kuelekea Base Camp. Taksi, ambazo Mtanzania angeziita daladala, hujaza abiria bila huruma, na sehemu iliyobaki ni ya bodaboda. Njia inapita kwenye vilima vikavu vya nyasi, na hapa ndipo mgeni anapotambua ukame wa nchi hii. Isingiro ni mashuhuri kwa matoke, lakini mvua yake ni ya kuviziwa. Wafugaji wamechimba mabwawa mabondeni kukinga maji ya mvua, na ng'ombe na watu hugombea bwawa moja. Baada ya kilima hiki na kile, ghafla ziwa linajitandaza chini, pana na tulivu, limezungukwa na ukanda wa kijani wa mafunjo. Mpanda bodaboda mzuri husimama hapo bila kuambiwa.

Makazi yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kuliko yote Afrika. Baada ya 1994 wengi wa wazee hao walirudi kwao. Nafasi zao zikachukuliwa na wengine: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na Wanyarwanda wa awamu nyingine. Eneo ni kama kilometa za mraba 185, na katika miaka ya karibuni idadi ya watu imepita 150,000. Aliyeondoka zamani akiacha kichaka kati ya nyumba yake na ziwa asishangae kukuta paa za mabati. Kuna mitaa yenye majina kama New Congo, kuna kijiji cha Wasomali chenye maduka na chai ya viungo, na Kiswahili kinakufikisha karibu kila mahali.

Jambo la karatasi lisisahaulike. Mgeni anapaswa kupata ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu na kujitambulisha kwa mkuu wa makazi pale Base Camp kabla ya kuanza kupiga picha. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea na kufanya kazi, na hiyo ndiyo sababu biashara imestawi, lakini haimpi mgeni haki ya kuingia kama anaingia sokoni.

Sasa ziwa lenyewe. Ni la kina kifupi, na hilo ndilo linaloliponza. Ziwa lenye kina kirefu huweza kumeza matope ya miaka na lisionyeshe. Hili, kila msimu wa tope unapunguza kitu. Na kazi yake ni kubwa. Maji yake huvutwa na pampu, husafishwa kwenye mitambo iliyojengwa kando, kisha hupelekwa kwenye magati ya makazi, ambako madumu ya njano ya lita 20 hupangwa mstari kabla ya jua kuchomoza. Mtambo ukiharibika au mafuta yakiisha, watu hurudi kuchota ufukweni kama zamani. Aliyekulia hapa atatamani kuyaonja tena kwa ajili ya kumbukumbu. Asiyanywe mabichi, na asiingie kuoga kwa mbwembwe: maji yaliyotulia ya namna hii ni ya kichocho, na viboko nao wana makao yao.

Upande wa samaki, kuna sato, kambare, kamongo na wale wadogo wanaoitwa nkejje. Hapa Watanzania wawe makini na lugha. Katika Uganda "mamba" ni jina la kamongo, si mnyama mwenye meno. Ukiambiwa mwaloni kwamba leo mamba ni wengi, usikimbie, uliza bei.

Bei hiyo ndiyo inayopaswa kumfikirisha mfanyabiashara. Anayenunua gunia la sato wa kiganja kimoja, waliokaushwa juani na kuchanganywa ili wasihesabike, anamlipa mtu aliyetumia kokoro au nyavu za macho madogo. Wavuvi wenye leseni hulalamika kila pembe ya Afrika Mashariki kuhusu jambo hilo, na katika ziwa dogo kama hili hasara huonekana upesi, kwa kuwa hakuna kilindi ambamo samaki mama watajificha. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kumwachia mgambo peke yake kazi hiyo. Mnunuzi akikataa samaki wachanga siku tatu mfululizo, wavu unabadilishwa. Akiwakubali kwa kuwa ni rahisi, mwakani atafunga safari na kurudi na gunia tupu.

Na kuna mengine majini yasiyouzwa. Mwaka 2006 eneo oevu la Mburo na Nakivale, lenye zaidi ya hekta 26,000, liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni ndege walio hatarini, kama yule korongo mwenye mdomo wa kiatu, na aina za samaki ambazo zimetoweka katika maziwa makubwa lakini bado zinaishi hapa.

Mwenye siku ya ziada arudi Mbarara, ashike barabara ya Masaka, na kuingilia Sanga kwenda Ziwa Mburo. Ni maji ya mfumo ule ule, lakini hapo hutakuta dumu hata moja. Mburo iko ndani ya hifadhi ya taifa yenye kilometa za mraba 260. Hutembezwa watalii kwa boti, pundamilia hula pembeni, na swala pala wa Uganda wanapatikana hapo. Twiga waliletwa mwaka 2015 kutoka Murchison Falls. Haikupatikana bila machozi. Hifadhi ilipotangazwa 1983 wafugaji waliondolewa. Serikali ilipoyumba katikati ya miaka hiyo ya 1980 walirudi kwa hasira, na baadaye zaidi ya nusu ya eneo ikakatwa na kupewa watu. Mkimbizi anayesikiliza habari hiyo anaielewa haraka kuliko mtalii.

Wenyeji wanasimulia kwamba bondeni hapo waliishi ndugu wawili, Kigarama na Mburo. Kigarama aliota ndoto kuwa maji yatakuja, akamsihi ndugu yake wapande kilimani. Mburo akapuuza. Maji yakaja, yakamfunika, na ziwa likachukua jina lake, huku vilima vikiitwa Kigarama.

Wafanyabiashara wa mpakani, hata hivyo, wengi watarudi kusini, upande wa Mto Kagera. Huko kuna Nshungyezi, ambayo Wanyarwanda wa zamani huitamka Nshungerezi. Ilikuwa kambi pia. Familia ya Paul Kagame ilifika hapo mwaka 1962, na ndipo yeye na Fred Rwigyema walipofahamiana wakiwa watoto. Sasa Nshungyezi inatajwa kwa jambo jingine: mradi wa kuvuta maji ya Kagera kuyapandisha Isingiro na Mbarara, kwa fedha za mkopo kutoka Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Maana yake ni kwamba Rwizi umekiri kuzidiwa. Kama Mbarara itauachia mto huo maji zaidi ni jambo la kuangalia miaka ijayo, na Nakivale ndiyo itakayotoa jibu, kwa kina chake.

Mwisho wa lami ni Kikagati, ng'ambo ya mto ni Murongo, wilaya ya Kyerwa, Tanzania. Bwawa la umeme la hapo lina uwezo wa megawati 14, zinazogawanywa nusu kwa nusu kati ya nchi mbili. Marais Yoweri Museveni na Samia Suluhu Hassan walilizindua Mei 2023. Mtambo wa awali uliharibiwa katika vita vya 1979. Ni bwawa dogo, lakini lina jambo ambalo wanaotoka Nakivale hulitazama kwa muda: maji yamesimama katikati ya nchi mbili, na hakuna anayeyaomba kitambulisho. Wao wanacho mkononi. Wanasogea kwenye foleni, samaki wakiwa wamefungwa vizuri kwenye majani ya migomba, na wanauliza kama afisa wa zamu ni yule wa jana.