Kosa Lisilochakaa

Kifaa cha chuma huchakaa. Skrubu hulegea, waya hukatika, na fundi hujua kwamba iko siku kitahitaji matengenezo. Programu ya kompyuta haina tabia hiyo: amri zilizoandikwa leo zitasomeka vivyo hivyo baada ya miaka 10. Kwa sababu hiyo baadhi ya wahandisi walidhani kwamba programu ikishajaribiwa haiwezi tena kukosea. Dhana hiyo ni potofu. Kosa la programu halizaliwi na uchakavu, bali huwamo tangu siku ilipoandikwa, likingoja hali itakayolifichua. Ushahidi mzito wa jambo hili ni habari ya mashine iitwayo Therac-25.

Mashine hiyo ya kutibu saratani ilitengenezwa na AECL, shirika la nishati ya atomu la Kanada, na 11 kati yake zilifungwa katika hospitali za Kanada na Marekani. Iliweza kutoa miale ya elektroni, kwa uvimbe ulio karibu na ngozi, au eksirei, kwa uvimbe ulio ndani zaidi. Ili kupata eksirei, mkondo wa elektroni huongezwa mara 100 hivi, kisha hugongeshwa kwenye kipande cha metali. Mkondo huo mkali ukitoka ilhali kipande hicho hakipo mahali pake, mgonjwa huunguzwa.

Katika mashine za awali hatari hiyo ilizuiwa na vizuizi vya umeme visivyotegemea kompyuta. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa, na ulinzi ukaachiwa programu. Programu yenyewe iliandikwa na mtu mmoja, na sehemu zake zilitokana na mashine zilizotangulia. Uchambuzi wa usalama wa mwaka 1983 haukuyahesabu makosa ya programu hata kidogo.

Kati ya mwaka 1985 na Januari 1987, wagonjwa 6 walipigwa na mionzi ya kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Tarehe 21 Machi 1986, mjini Tyler, Texas, mwendeshaji aliandika herufi ya eksirei badala ya ile ya elektroni. Aliligundua kosa lake, akalisahihisha upesi. Lakini sumaku za mashine zilihitaji sekunde 8 hivi kujipanga, na sahihisho lililokamilika ndani ya muda huo halikutambuliwa na sehemu nyingine ya programu. Kioo cha kompyuta kilionyesha maelezo sahihi. Mashine ilikuwa katika hali nyingine kabisa. Mgonjwa aliyestahili kupata rad 180 alipata, kwa makisio ya baadaye, kati ya 16,500 na 25,000 kwa muda usiofika sekunde moja. Kioo kikaandika “Hitilafu 54”, maneno ambayo kitabu cha mwendeshaji hakikuyaeleza.

Wahandisi waliitwa, wakashindwa kulitokeza kosa hilo tena, na mashine ikarudishwa kazini tarehe 7 Aprili. Siku 4 baadaye mgonjwa mwingine aliunguzwa. Ndipo mwanafizikia wa hospitali na mwendeshaji huyo wakakaa mbele ya mashine na kurudia kazi ile mara nyingi, hadi wakatambua kwamba siri ilikuwa kasi ya vidole. Aliyeandika polepole hangeweza kuliona kosa hilo kamwe. Inafaa kukumbuka kwamba wawili hao hawakuwa watunga programu.

Kosa jingine, lililojitokeza mjini Yakima mwezi Januari 1987, mwanafunzi yeyote wa hesabu anaweza kulielewa. Programu ilitumia nambari moja kama alama: ikiwa ni sifuri, mashine imekaa sawasawa, ikiwa si sifuri, ikaguliwe. Kila mzunguko wa ukaguzi uliongeza 1 katika nambari hiyo. Lakini nambari ilihifadhiwa katika nafasi ya biti 8, ambayo haiwezi kupita 255. Ukiongeza 1 juu ya 11111111, tarakimu ya tisa hukosa mahali, na zinabaki sifuri tupu, kama mita ya maili ya gari kuukuu inayotoka 99999 na kurudi 00000. Hivyo kila mzunguko wa 256 alama ilidai kwamba mambo ni shwari. Mwendeshaji akibonyeza kitufe wakati huohuo, ukaguzi ulirukwa. Dawa yake ilikuwa kuandika nambari moja isiyobadilika badala ya kuongeza 1.

Kumlaumu mtunga programu peke yake si haki. Mwenye kuandika anawajibika kwa kila amri, lakini waliompa kazi bila mkaguzi, na waliojibu malalamiko ya hospitali kwamba mashine haiwezi kuunguza mtu, walikuwa na sehemu yao kubwa.

Mashine ya awali, Therac-20, ilikuwa na kosa lilelile la kasi ya vidole. Katika chuo kimoja mjini Chicago, kila lilipofika darasa jipya la wanafunzi, wakabonyeza vitufe ovyoovyo, fyuzi za Therac-20 zilikatika. Hakuna aliyeumia. Fyuzi zilibadilishwa, na sababu haikujulikana mpaka habari za Tyler zilipotangazwa.