Kiti cha kulishia mtoto: inama utazame chini

Kwenye maduka ya vifaa vya watoto jijini Dar es Salaam, viti vya kulishia huwekwa pale pale mlangoni. Vimechorwa twiga na vipepeo, mto umetuna, na kwenye trei wamening'iniza vikaragosi. Mzazi ambaye mwanawe anakaribia miezi sita hapo hachomoki. Anabonyeza mto, anauliza bei, anapunguziwa kidogo, anaondoka nacho. Nadra umwone mtu akiinama kutazama miguu.

Na kiti hiki habari yake yote iko chini. Mtoto wa miezi minane akikataa kijiko hujitupa nyuma. Kikombe kikianguka huinama ubavuni kukifuata, na nyayo zake zikifika ukingo wa meza husukuma kwa nguvu usizomdhania. Kinachohimili purukushani hizo ni kiti ambacho miguu yake imetanuka, ikakanyaga eneo pana kuliko sehemu ya kukalia. Kitikise hapo hapo dukani, kisukume kutoka mgongoni na ubavuni. Mwenye duka akinuna, mwache anune. Kama ni cha kukunja, hakikisha kufuli yake inabana. Chenye magurudumu mimi sikitaki kabisa kwenye nyumba ya vigae.

Wengi hudhani trei ndiyo inayomzuia mtoto asianguke. Trei ni meza tu. Mtoto anaweza kuteleza chini yake mpaka shingo ikanasa, au akasimama na kuiruka. Kinachomshika ni mkanda wa kiunoni pamoja na ule unaopita katikati ya mapaja. Mikanda ya mabegani ikiwepo, afadhali zaidi. Kwa mitumba hapo ndipo pa kukagua: mbao ziko imara, rangi haijachubuka, ila mkanda mmoja ulipotea njiani na muuzaji anakuapia kwamba huo huwa hautumiki. Unatumika.

Miguu ya mtoto mwenyewe nayo ina lake. Mwaka 1972 mbunifu wa Norway, Peter Opsvik, alitoa kiti cha Tripp Trapp kupitia kampuni ya Stokke. Mwanawe alikuwa amekizidi kiti cha mtoto mchanga, lakini akikalia cha wakubwa miguu inaning'inia. Opsvik akachonga mifuo kwenye nguzo mbili za kiti, akapachika vibao viwili, cha kukalia na cha kukanyagia, vinavyoshushwa kadiri mtoto anavyorefuka. Nyayo zikipata pa kukanyaga, kiwiliwili hutulia, na mtoto huacha kuhangaika kujishikilia akashughulika na chakula. Jaribu wewe kula ugali juu ya stuli ndefu ya baa, miguu ikielea, uone utamaliza sahani ya ngapi.

Kiti hicho cha Opsvik kikiwa kipya ni ghali kwa mishahara yetu, lakini wazo lake halihitaji kiwanda. Kule Keko, fundi mwenye penseli sikioni alinisikiliza nikimweleza miguu iliyotanuka, akatikisa kichwa. "Itakula nafasi, dada." Itakula, ndiyo. Ukienda, mpe kimo cha meza yenu na umsisitizie kikanyagio kinachohamishika. Kingo zipigwe msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa, maana trei mtoto ataitafuna. Fundi asipojua kama rangi aliyonayo ina madini ya risasi au haina, bora ubao ubaki mtupu.

Ule mto uliotuna? Uji huingia kwenye mishono, ukikauka hautoki, na sisimizi hawachelewi. Kwa unyevu wetu wa Pwani kitambaa hupata ukungu upesi. Plastiki tupu inayofutika kwa kitambaa kimoja inatosha.

Kuna pia wanaomlishia mtoto ndani ya kile kigari cha kujifunzia kutembea. Canada ilipiga marufuku uuzaji wa vigari hivyo mwaka 2004 kwa sababu ya majeraha, hasa ya kuporomoka ngazini.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha nyongeza kianze mtoto akifikisha miezi 6, mara 2 hadi 3 kwa siku mwanzoni. Lakini kabla ya kumpandisha kitini, mtazame kama shingo imekaza na anakaa kwa kuegemezwa kidogo tu. Mgongo usilazwe nyuma wakati anakula; chakula kinaweza kuteremka kooni kabla hajajiandaa kumeza.

Bibi yangu angeuliza mkeka umekosa nini. Haujakosa kitu. Nyumba inayokula chini ikimpandisha mtoto juu peke yake, inamtoa kwenye sinia. Hapo mapaja ya mtu yanatosha. Kiti kirefu ni cha wenye meza ndefu, na hata kwao kisogezwe mezani penyewe, trei ikitoka itolewe, mtoto asiachwe nacho mbele ya runinga.