Kijana Aliyeswali Kitini

Ijumaa moja, kabla ya khutba, kijana mwenye umri wa miaka 25 aliingia katika msikiti wetu hapa Moshi akichechemea, akavuta kiti na kukaa mwisho wa safu. Mzee mmoja akamkumbusha, kwa sauti iliyosikika na wengi, kwamba viti vile viliwekwa kwa ajili ya wazee. Kijana hakujibu. Sisi wa kamati tulisikia, tukanyamaza. Ijumaa iliyofuata hakuonekana. Tulipokwenda kumjulia hali nyumbani kwao ndipo tulipofahamu kwamba amezaliwa na selimundu, na kwamba mfupa wa nyonga yake ya kushoto umekufa. Tulimtaka radhi pale pale. Na kwa kuwa aibu ile ilitokea hadharani, tunaandika hadharani.

Selimundu ni maradhi ya kurithi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hupinda mfano wa mundu, zikawa ngumu na kuziba mishipa midogo. Kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachozunguka ndani ya nyonga, hulishwa na mishipa michache na myembamba. Damu ikikosa njia, mfupa hufa kidogo kidogo na kichwa chake hubonyea. Ndiyo maana kijana wa selimundu aweza kuwa na nyonga iliyochakaa kuliko ya babu yake.

Mfupa ukishaharibika kabisa, tiba ni nyonga bandia. Upasuaji huu umejengwa juu ya kazi ya John Charnley, daktari wa Uingereza, ambaye mwaka 1962 alianza kutumia kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Nchini kwetu hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Kwa mwenye selimundu tahadhari huzidi: aghalabu huongezewa damu kabla ya upasuaji, na hukingwa na baridi, upungufu wa maji na maambukizi. Baada ya hapo, madaktari wengi humkataza kuchuchumaa na kuinama sana, nyonga isije ikachomoka. Basi sijda ya chini na choo cha kuchuchumaa vyaweza kumdhuru.

Hapa dini imekwisha kutangulia. Mtume (S.A.W.) alimruhusu Imran bin Huswayn, aliyekuwa mgonjwa, kuswali ameketi akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kuketi. Ruhusa ile ilifungamana na uwezo, haikufungamana na umri.

Wapo wanaosema ugonjwa huu si wa watu wa mlimani. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo kinasaba hicho kimeenea zaidi palipo na mbu wengi, na vijiji vya juu vya Kilimanjaro vina malaria kidogo kuliko tambarare. Lakini watu hawakai mahali pamoja. Moshi imekusanya watu wa Kahe, wa Arusha Chini, wa Tanga na wa Kanda ya Ziwa, na sote tumeozana. Tena baridi ya Machame na Marangu mwezi wa Juni na Julai huweza kuamsha maumivu makali kwa mgonjwa.

Wazazi wawili wenye kinasaba kimoja kimoja huwa wazima kabisa, wala hawajijui; lakini kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto mwenye selimundu. Tangu mwaka 2004 watafiti wa Muhimbili, wakiongozwa na Profesa Julie Makani, wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa kwa maelfu. Leo ipo dawa ya haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu, na tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imepandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu.

Kamati yetu imeazimia mambo matatu. Viti viwepo katika kila safu, na asiulizwe mtu umri wake. Miezi ya baridi, maji ya moto ya kutawadhia yapatikane Alfajiri. Na wachumba wanaokuja kuandikisha nikaha washauriwe kupima selimundu mapema, kabla ya posa kutangazwa. Nia ni wajue, wala si kuwatenganisha. Aidha, mgonjwa aliyekatazwa na daktari kufunga Ramadhani asilaumiwe, kwani kukosa maji humdhuru, na Sura ya al-Baqara imempa ruhusa mgonjwa.

Kijana wetu amerejea. Bado anasubiri upasuaji, na familia yake bado inakusanya gharama. Ijumaa iliyopita kiti chake kilikuwa safu ya pili, na aliyemwekea ni yule mzee. Allah amponye, na atusamehe ukimya wetu. Amin.