Fuko, Oksitosini na Istilahi ya "Kipokezi"

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi moja ya biolojia ambayo wengi huiruka. Mwanafunzi wa Bunia husoma biolojia kwa Kifaransa. Akirudi nyumbani Mudzipela, huwaeleza wenziwe kwa Kiswahili. Hapo ndipo oksitosini hugeuka kuwa "homoni ya upendo". Jina hilo linapendeza masikioni, lakini linapotosha.

Jina la asili halitaji upendo. Limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzazi wa haraka. Mwaka 1906 Henry Dale alionyesha kwamba dondoo la tezi ya pituitari hukaza mji wa mimba, na hadi leo wakunga hutumia oksitosini kuzuia mama asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua. Homoni ni ujumbe tu. Ili ujumbe ufanye kazi, lazima pawe na protini ya kuupokea katika seli, na protini hiyo ndiyo kipokezi.

Mfano ulio bora unatoka Afrika Mashariki. Fuko uchi (Heterocephalus glaber) huishi chini ya ardhi Kenya, Somalia na Ethiopia, katika makundi ya fuko 70 au 80 hivi, na mara chache karibu 300. Malkia mmoja ndiye anayezaa. Wengi wa waliobaki huchimba, hulinda na kulea watoto wasiowazaa, mpangilio ambao Jennifer Jarvis aliueleza mwaka 1981. Fuko wa Rasi (Georychus capensis) wa Afrika Kusini, kinyume chake, huishi peke yake. Mwaka 2010 Kalamatianos na wenzake walilinganisha bongo za wanyama hawa wawili. Katika nyukliasi akumbensi, sehemu inayohusika na kuvutiwa na jambo na kulifuatia, fuko uchi walikuwa na vipokezi vingi vya oksitosini, ilhali fuko wa Rasi hawakuwa navyo kwa kiasi hicho. Tofauti inayoonekana hapa, basi, ni ya mahali palipo na vipokezi.

(Kwa mwanaisimu, kuna jambo la kufurahisha pembeni: jenasi ya Fukomys, iliyopewa jina mwaka 2006, imebeba neno la Kibantu "fuko".)

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba kipokezi ndicho chanzo cha ujamaa. Tangu mwaka 1992 ilijulikana kuwa panya wa mbugani wa Marekani, wanaoishi wawili wawili, wana mpangilio wa vipokezi ulio tofauti na wa jamaa zao wa milimani wasioishi hivyo. Lakini mwaka 2023 Berendzen na wenzake walieleza kwamba panya wa mbugani waliozaliwa bila kipokezi hicho bado walishikamana na wenzi wao.

Kwa hiyo napendelea "kipokezi cha oksitosini". Kiambishi ki- kinaonyesha kuwa ni kitu, na kitenzi "pokea" kinataja kazi yake bila kuahidi zaidi. "Homoni ya upendo" inaahidi mno. Fuko uchi hao hao, wenye vipokezi tele na wanaolea watoto wa malkia kama wao, humshambulia fuko wa kundi jingine anayeingia katika mashimo yao, na mara nyingine humuua.