MAJI YA REJETA HUENDA WAPI?

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii nimeitumia katika insha nyingi na kupewa alama, lakini maana yake sikuijua barabara hadi siku injini ya gari letu ilipokufa kwenye mlima wa Sachangwan. Mpenzi msomaji, keti nikueleze. Huenda hata kwenu kuna gari kuukuu, au utanunua moja siku za usoni.

Gari lenyewe ni pikapu aina ya Peugeot 504, ambalo limenizidi umri kwa miaka mingi. Usilicheke! Magari ya jina hilo yalishinda Safari Rally mwaka wa 1975 yakiongozwa na Ove Andersson, na tena mwaka wa 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Letu halina mbio hizo. Baba hulitumia kubeba viazi na kabichi kutoka Molo na Mau Summit hadi soko la Nakuru, na karo ya dada yangu aliye shule ya bweni hutoka humo humo.

Kazi yangu kila asubuhi kabla ya kuja shule ilikuwa kuongeza maji kwenye rejeta. Mwanzoni chupa moja ya soda ilitosha juma zima. Baadaye ikawa chupa moja kila siku. Kufikia likizo ya Agosti nilikuwa namimina lita tatu kila asubuhi. Sikumwambia baba. Nilidhani gari zee hunywa maji kama ng'ombe, basi.

Jumamosi moja tukatoka Rongai na magunia ya mbolea ya jirani, mimi nikiwa utingo. Tulipopita Salgaa na kuanza kupanda, mshale wa joto ukapanda pia hadi kwenye alama nyekundu. Baba akapunguza mwendo. Punde si punde, mshale ukashuka wenyewe hadi chini kabisa. "Afadhali, imepoa," baba akasema, nasi tukafurahi. Kumbe hatukujua kusoma. Baada ya kilomita moja hivi injini ikaanza kugonga, ikakosa nguvu, ikazimika. Mvuke ukatuzingira kama tuko jikoni kwa sherehe.

Gari likavutwa hadi kwa fundi wetu wa jua kali, mzee mpole ambaye hunyamaza sana. Alipomaliza kulikagua alinigeukia mimi, si baba.

"Kijana, ni wewe huweka maji? Siku hizi unaweka ngapi?"

"Lita tatu, Fundi."

"Kila siku? Na ulifikiri hayo maji yanaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Likizo yote iliyobaki nilishinda pale gereji nikimshikia spana, na haya ninayoandika ni majibu ya swali lake.

Kwanza, ujue safari ya maji. Petroli ikiungua ndani ya silinda hutoa joto jingi ajabu. Maji huzunguka kandokando ya silinda yakilibeba joto hilo. Pampu inayozungushwa na mkanda ndiyo huyasukuma. Yakishafika kwenye rejeta, upepo wa feni na wa mwendo huyapoza, nayo hurudi tena injini. Katikati ya njia kuna mlango mdogo uitwao themostati. Injini ikiwa baridi hufungwa, na joto likifika nyuzi 80 na kitu hufunguka. Njia hii ni duara lililofungwa. Gari zima halinywi maji hata kidogo! Maji yakipungua kila siku, yametoka mahali. Na mahali penyewe ni patatu tu: nje, juu, au ndani.

Nje ndiko rahisi kukuona. Panguza injini ikauke, kisha utandike magazeti au katoni chini ya gari usiku kucha. Asubuhi tazama tone limeangukia wapi, ufuate juu yake. Kagua hosipaipu kama zimepasuka au zimelegea kwenye klipu. Kagua rejeta kama ina alama za kutu au ukungu mweupe, maana maji yakikauka huacha nyayo. Chini ya shingo ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo, nacho kikitoa machozi, pampu inaaga dunia. Zulia likiwa na unyevu upande wa abiria na kioo cha mbele kikifanya ukungu, basi hita ndiyo inayovuja.

Juu ni kwenye kifuniko cha rejeta, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ugonjwa wetu ulipoanzia. Katika Fizikia tumesoma kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini hiyo ni Mombasa, kando ya bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi moja. Rongai tuko karibu mita 1,900, kwa hivyo maji ya chai yetu huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kule Timboroa, juu ya mita 2,700, ni kama 91. Sasa piga hesabu: themostati hufunguka kwa nyuzi 80 na kitu, na maji yanataka kuchemka kwa 91. Nafasi iliyobaki ni finyu mno!

Kinachotuokoa ni kifuniko. Kina springi na raba, nacho huyafungia maji yapate shinikizo. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 huongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 na zaidi. Raba ikizeeka, shinikizo hutoroka, maji huchemka mapema na kutoka kama mvuke njiani, wala huoni tone nyumbani. Raba ya kifuniko chetu ilikuwa imekatika kama chapati kavu.

Ndani ndiko kubaya. Kati ya bloku na hedi kuna gasketi. Injini ikichemka mara kwa mara, hedi ya aluminiamu hupinda na gasketi huungua. Hapo maji huingia kwenye silinda au kwenye oili. Dalili zake ni hizi: moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto, oili yenye rangi ya chai ya maziwa, hosipaipu ya juu kuwa ngumu kama jiwe mara tu baada ya kuwasha injini baridi, na mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta. Fundi alitazama oili yetu, akamwonyesha baba kijiti bila kusema neno. Ilikuwa chai tupu.

Je, na gari likichemka ilhali maji hayapungui? Basi shida ni mzunguko au upepo: mkanda umelegea, feni haizunguki, themostati imekwama, au rejeta imeziba kwa tope na magaga kama yale ya birika. Ndiyo maana si vizuri kujaza maji ya mtoni. Heri maji safi na ile dawa ya rangi ambayo mafundi huita kulanti. Hiyo huzuia kutu na huongeza nyuzi kadhaa za kuchemka. Tena, usikubali kung'olewa themostati eti gari lipoe. Huko ni kuvunja kipimajoto ili homa iishe.

Na yule mshale ulioshuka? Kifaa kinachopima joto hukaa ndani ya maji. Maji yakiisha, kifaa hubaki hewani na huweza kudanganya kwamba kuna baridi. Mshale ukipanda halafu ushuke ghafla, simama papo hapo.

Ukikwama, fanya hivi. Zima injini, subiri angalau nusu saa. USIFUNGUE kifuniko kikiwa moto, hata ukishawishiwa na watu kumi. Maji yaliyofungiwa shinikizo hulipuka mara moja, na fundi wetu ana kovu kutoka kiganja hadi kiwiko la kuthibitisha hayo. Injini ikipoa, funika kwa kitambaa kinene, fungua polepole, ongeza maji kidogo kidogo. Mshale ukianza kupanda ungali njiani na hakuna pa kusimama, fungua hita yote. Utatoka jasho, lakini utaiondolea injini joto kiasi.

Kifuniko kipya kilikuwa shilingi 600. Kupeleka hedi Nakuru ikanyooshwe, gasketi, oili na ufundi vilipita elfu thelathini. Dada yangu alirudi shuleni wiki mbili baada ya wenzake. Hakunilaumu, kwani hakujua habari ya zile lita tatu. Baba nilimwambia mwenyewe, jioni, tukirudi kutoka gereji. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sasa unajua. Kesho ukiweka maji, uniambie."

Siku hizi nina daftari dogo ndani ya gari. Kila asubuhi naandika tarehe na kiasi cha maji nilichoongeza. Tangu gari litengenezwe, kila mstari umeandikwa sufuri. Siku itakayoandikwa nusu lita, baba atajua kabla sijavaa sare ya shule.