Kuikinga Miche dhidi ya Sakitu

Kuanzia Juni hadi Agosti, maeneo ya miinuko ya Wilaya ya Makete, hususan yale yanayopakana na uwanda wa Kitulo, hupata sakitu. Usiku mmoja hutosha kuunguza miche ya parachichi iliyotunzwa tangu msimu wa mvua, pamoja na viazi, maharage na nyanya za vinyunguni. Hata hivyo, hasara hiyo inaweza kupunguzwa kwa vifaa vilivyopo nyumbani.

Mchana ardhi hupokea joto la jua na usiku huliachia. Mawingu hulizuia joto hilo lisipotee. Anga likiwa jeupe na upepo umetulia, joto hupaa na majani hupoa kupita kiasi. Maji yaliyomo ndani ya jani huganda na kuliharibu, ndiyo maana asubuhi huonekana jeusi mithili ya lililopitiwa na moto. Aidha, hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka na kutuama mabondeni kama maji. Kwa sababu hiyo, parachichi lipandwe kwenye mteremko, si chini bondeni.

Kwa kuwa joto linaloukoa mche hutoka ardhini, wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Udongo umwagiliwe mchana, kwani udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Matandazo mazito yasogezwe pembeni jioni ili yasizuie joto kupanda.

2. Kabla ya jua kuzama, vijiti visimikwe kuzunguka mche, kisha ufunikwe kwa gunia au mkeka mkuukuu unaofika hadi chini. Kifuniko kinachofungwa kwenye shina kama mwavuli huliacha joto la ardhi nje.

3. Nailoni isiguse majani, maana jani linaloigusa huungua. Jua likishachomoza na kupasha hewa, mche ufunuliwe.

4. Miche iliyo kwenye viriba isogezwe karibu na ukuta wa nyumba.

5. Mbolea ya kukuzia isiwekwe majira haya, kwa kuwa huchochea machipukizi mororo yanayoungua upesi.

Kwa miche iliyobebeshwa, sehemu ya kukingwa kwanza ni kiungio. Sehemu yote ya juu ikifa, machipukizi yatakayotoka chini ya kiungio hayatazaa tunda la aina iliyokusudiwa, na mkulima asiyelijua hilo huweza kuutunza mti huo kwa miaka mingi bila kupata mavuno ya kuuza.

Mche ulioungua usikatwe wala kung'olewa kwa haraka. Majani makavu hukinga matawi dhidi ya baridi ya siku zinazofuata, na mara nyingi mti unaoonekana kufa huchipua upya. Ni vyema kusubiri hadi baridi ipite, ndipo matawi yaliyokufa yakatwe. Mwenye shaka amwone afisa ugani wa kata yake kabla ya kung'oa chochote.