Masika, Pikipiki na Maji Yanayovuka Barabara

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya Tanzania, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika sehemu kadhaa, Somanga ikiwamo. Mabasi na malori yakapanga foleni, maana lami ikishameguka hakuna dereva wa basi anayebisha. Tabu iko kwenye barabara ndogo, pale maji yanapopita juu ya kalavati na njia bado inaonekana ipo. Hapo utamkuta kijana na pikipiki yake, abiria nyuma, gunia mbele kwenye tangi, anayatazama maji kidogo kisha anaingia. Makala haya yanamhusu yeye, na yeyote anayetaka kusafiri kwa pikipiki kati ya Machi na Mei.

Wanaoniuliza kuhusu safari za masika karibu wote huulizia tope. Tope linasumbua, sikatai, lakini hukuangusha ukiwa mwendo mdogo. Unainuka, unajipangusa, unaendelea. Hatari zenyewe ni lami iliyolowa na maji yanayotembea.

Tuanze na lami. Kiangazi kizima magari yamedondosha oili, matairi yamesagika na vumbi limetanda juu yake. Manyunyu ya kwanza hayasafishi uchafu huo. Huuchanganya ukawa utelezi. Ndiyo maana dakika za mwanzo za mvua ni mbaya kuliko nusu saa ya mvua kubwa, ambayo angalau huosha barabara. Mistari ya rangi ya pundamilia, vyuma vya madarajani na bodi la kivuko huteleza hata baada ya hapo.

Hesabu yake si ngumu. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa kwenye lami kavu yenye mshiko mzuri husimama ndani ya mita 20 hivi tangu breki ikamate. Lami hiyo hiyo ikilowa, umbali unafika mita 35. Hapo sijaweka muda wa kushtuka: sekunde 1 kwa mwendo huo ni karibu mita 17 nyingine. Ukipunguza hadi kilomita 40, unasimama kwenye lami iliyolowa kwa mita 16 hivi. Hakuna kifaa cha dukani kitakachokupa nafuu ya namna hiyo. Tairi lenye kashata nzuri linasaidia, na tairi kipara wakati wa masika halina utetezi, lakini mkono wa mafuta ndio wenye uamuzi.

Jambo jingine ni breki ya mbele. Madereva wengi wa bodaboda hawaipendi, wanasema inabinua. Ukweli ni kwamba unapofunga breki uzito mwingi huegemea mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye mshiko mkubwa zaidi, hata kwenye maji. Kinachoangusha ni kuikaba ghafla. Ibane taratibu pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa imesimama wima, kabla ya kona na si ndani ya kona.

Sasa maji yanayotembea. Korongo ambalo Februari ni mchanga mtupu linaweza kushuka na maji ingawa hapo ulipo hakuna tone lililodondoka, kwa sababu mvua imenyesha milimani huko juu. Kasi ya maji ikiongezeka mara 2, msukumo wake huongezeka mara 4. Pikipiki ya cc 125 au 150 ina uzito wa kilo 110 na ushee tu, tena maji huipiga ubavuni, upande ambao haina cha kujishikilia. Gari likisukumwa lina magurudumu manne ya kukataa. Pikipiki ina mawili yaliyo kwenye mstari mmoja, na ikisimama katikati ni miguu yako ndiyo inayobeba kila kitu.

Halafu kuna usichokiona. Maji yanayovuka barabara hula ukingo wa upande yanakotelemkia, yanachimba chini ya tabaka la juu, na juu yake kote ni kahawia ileile. Shuka. Vua mzigo. Chukua fimbo, tembea njia utakayopita, upime kina na ugumu wa chini. Maji yanayokimbia yakifika magotini na miguu ikaanza kuyumba, safari imeishia hapo kwa sasa. Kama ni ya kupitika na unaisukuma pikipiki, simama upande wa juu, maji yanakotoka. Ukisimama upande wa chini ikakuelemea, itakulalia ukiwa ndani ya maji. Hili moja, kati ya yote niliyoandika, ningependa kila dereva alijue.

Ukiamua kuendesha kwenye maji tulivu yasiyo na kina, weka gia ya kwanza, shika mafuta kiasi kisichobadilika, usiyaachie katikati. Ukishavuka, endesha polepole huku ukigusa breki kidogo kidogo, kwani breki za dramu zikiingia maji hazishiki mpaka zikauke. Wengi huvuka salama, kisha wanamgonga ng'ombe mita 100 mbele.

Na injini ikizimika majini? Usipige kiki. Usiguse stata. Maji yakipita kwenye chujio la hewa yakaingia kwenye silinda, pistoni inapopanda hukuta kitu kisichobanika, na mkono wa pistoni hupinda au kuvunjika. Mafundi tunawapokea sana madereva wa namna hii msimu huu, na mara nyingi gharama haikutoka majini bali kwenye kiki ya pili na ya tatu. Isukume hadi pakavu, fungua plagi, kisha ndipo upige kiki maji yaruke nje kwenye tundu lake. Mwaga maji yaliyoingia kwenye kabureta, kamua sponji ya chujio, inua mbele ili bomba la moshi limwage. Tazama oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeshachanganyika na maji, ibadilishe kabla ya kwenda popote.

Tope nalo nilipe haki yake kwa ufupi. Udongo mweusi wa mbuga hunasa kwenye tairi, unajaza nafasi ya chini ya madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Wanaoishi kwenye mbuga huipandisha madigadi ya mbele au kuitoa kabisa msimu huu. Punguza upepo kidogo, uurudishe ukifika lami. Chagua mkondo mmoja wa magurudumu, usihamehame.

Baridi husahaulika, kwa kuwa tunajiona tuko nchi ya joto. Panda Kitonga hadi Iringa, kisha endelea mpaka Njombe, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ukiwa umelowa: vidole hufa ganzi na huwezi tena kukadiria breki. Mfuko wa nailoni ndani ya glavu si urembo, lakini unafanya kazi. Koti la mvua lifungwe vizuri, lisiningʼinie karibu na cheni. Ule mwavuli mkubwa unaofungwa kwenye bodaboda ni tanga. Upepo ukiupata ubavuni, dereva ni abiria. Radi ikianza, matairi ya mpira hayakukingi, wala mwembe wa kando ya barabara. Tafuta nyumba.

Panga siku kwa kufuata mvua. Bara, mara nyingi hunyesha alasiri, jua likishapasha ardhi. Ondoka saa 12 asubuhi, saa 9 alasiri uwe umefika. Pwani masika hupenda usiku na alfajiri, kwa hiyo usikurupuke. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangazwa kila siku, usikilize kabla ya kufunga mzigo.

Na wewe abiria, usikae kimya kwa sababu umelipa nauli. Dereva akielekea kwenye maji yanayokimbia, mguse bega umwambie, "Kaka, nishushe hapa." Mengi ya makorongo hayo hupungua ndani ya saa chache. Subirini wote wawili.